NYANYA HAZIOGELEI, KIJANA!

Wiki hii naomba tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tushike jembe. Usikunje uso. Najua wewe ni mtoto wa mjini, jembe unaliona kwenye nembo ya taifa tu. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliyopoteza elfu themanini za Bi Mkubwa kwa sababu ya kalenda. Ndiyo, kalenda!

Kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

KISA CHENYEWE

Tunaishi Chamazi, kule Mbagala ndani, na mama yangu ana genge. Anauza nyanya, vitunguu, dagaa, mchicha na bamia. Nyuma ya nyumba kuna uwanja mdogo wa mchanga mwekundu ambao kazi yake ilikuwa kuanikia nguo na kufugia kuku wa jirani bila idhini yetu. Mimi tangu nimalize fomu foo ni mtu wa kuandika andika hapa gazetini na kusaidia saidia gengeni.

Mwezi wa pili mwaka jana nikiwa Kariakoo nikapita kwa wale washikaji wanaotandika vitabu chini. Nikaokota gazeti la zamani la Uingereza lililohusu bustani. Picha bomba ile mbaya! Nyanya nyekundu kama zimepakwa rangi, mama wa Kizungu kavaa kofia, kikapu mkononi. Ndani kulikuwa na jedwali la miezi 12 lenye viboksi vya rangi. Kwenye nyanya waliandika kwamba mbegu zisiwe Machi na Aprili, maana ndiyo majira ya machipuko, dunia inaamka, kila kitu kinaota.

Kiingereza changu cha fomu foo kikanivimbisha kichwa. Nikasema, mbona rahisi? Machi hiyo inakuja!

Nikamfuata Bi Mkubwa. Nikampigia hesabu za kwenye makaratasi mpaka akakuna kichwa. Nikamwambia, "Mama, kwa nini unanunua nyanya sokoni kila siku wakati tunaweza kuzivuna hapa nyuma ya choo?" Akanitazama muda mrefu. Halafu akafungua pindo la kanga, akanihesabia elfu themanini alizokuwa amezipata kwenye kikoba. Ile ilikuwa fedha ya mzigo wa gengeni. Mimi sikujua, au tuseme sikutaka kujua.

Nikanunua mbegu, samadi, keni ya kumwagilia, dawa na vijiti. Wiki ya kwanza ya Machi nikasia kitalu. Wiki ya kwanza ya Aprili nikahamisha miche 60, nikaibana kwenye matuta mawili kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Kila asubuhi nilikuwa nasimama pale nimeshika kiuno, najiona mkulima mkubwa.

Katikati ya Aprili mbingu zikafunguka.

Mvua ile ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, ikapumzika kidogo ili ipate nguvu ya kunyesha tena. Uwanja ukawa bwawa. Majani ya nyanya yakaanza mabaka ya kahawia, yale wataalamu wanayaita bakajani. Miche mingine ikanywea ghafla ikiwa bado ya kijani kibichi, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Kufikia mwisho wa mwezi, katika miche 60, hakuna hata mmoja uliokuwa umesimama.

Siku ile nimechutama pale, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, akapita jirani yetu, mzee wa Kindengereko aliyehamia Dar kutoka Rufiji. Akaegemea fimbo yake, akatazama bwawa langu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hapo umepanda nini?"

"Nyanya, babu."

Akanyamaza kidogo. "Nyanya haziogelei, kijana." Akaenda zake.

DENI KWENYE DAFTARI

Bi Mkubwa hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alichukua lile daftari lake la wadeni, lenye majina ya mama fulani nyanya za elfu mbili na baba fulani vitunguu, akaandika chini yao: "Mwanangu, 80,000." Akaliweka mahali pake, juu ya ndoo ya dagaa, ambapo kila mteja anaweza kulisoma.

Kwa wiki mbili genge halikuwa na nyanya. Wateja walifika, wakaangalia meza, wakaenda genge la pili. Unajua biashara ya genge: mteja akikosa nyanya hanunui na kitunguu. Jioni tulikula ugali na dagaa kwa sababu ndicho kilichobaki. Hakuna aliyesema neno. Mpenzi msomaji, kuna vyakula vinashuka kooni na vingine vinakwaruza. Dagaa wale walikwaruza.

Ndipo nikaamua kumfuata yule mzee barazani kwake. Nikabeba na andazi.

MACHIPUKO YETU NI YAPI?

Mzee alinieleza kitu ambacho yule mama wa Kizungu kwenye gazeti hakunieleza, na wala si kosa lake. Yeye aliandika kwa watu wa kwao.

Fikiria hivi. Uingereza, kuanzia Desemba mpaka Februari ni baridi kali. Ardhi ni baridi, na usiku umande unaganda. Mche wa nyanya ukikutana na umande ulioganda, kwisha habari yake. Kwa hiyo mtunza bustani wa kule mwaka mzima ana swali moja: baridi ya mwisho inaondoka lini? Ikiondoka ndiyo machipuko, anakimbilia bustanini. Jedwali lake lote linasubiri JOTO.

Sasa njoo Dar es Salaam. Hapa joto lipo mwaka mzima, hata ukilikataa linakufuata chumbani. Hata usiku wa Julai, ambapo sisi tunavaa masweta na kulalamika, kipimo hushuka hadi digrii 18 au 19 hivi. Kwa hiyo mbegu zetu hazisubiri joto. Swali letu ni MAJI: yanaanza lini, yanakuja kwa nguvu gani, na yanaisha lini. Machi na Aprili kule ni wakati wa ardhi kuamka. Machi na Aprili hapa ni wakati wa ardhi kuzama!

"Kwetu Rufiji," mzee akaniambia, "wazee walikuwa wanalima mlau. Unajua mlau?"

Sikujua. Akanieleza. Masika mto unafurika na kumwaga maji mabondeni. Watu hawashindani nao. Wanasubiri. Maji yakianza kupungua, kuelekea mwezi wa sita, wanayafuata nyuma, wanapanda kwenye ule udongo uliobaki na unyevu na rutuba. Mvua imekwisha, jua si kali, na chini bado kuna maji. Hicho ndicho kilimo cha mlau, na kimelisha watu wa bonde lile kwa vizazi.

"Sasa wewe," akasema, "ulipanda wakati maji yanakuja. Wenzako wanapanda wakati maji yanaondoka."

Mimi nikabaki mdomo wazi. Andazi lenyewe alilimaliza yeye.

MWAKA WA DAR KATIKA VIPANDE VINNE

Baada ya hapo nilikwenda kwa bwana shamba wa kata, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Nikaunganisha na ya mzee. Haya sasa, shika kalamu.

Dar iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mkanda wa mvua nao hulifuata jua, linapokwenda kaskazini na linaporudi kusini. Ndiyo maana pwani tuna misimu miwili ya mvua, na mwaka wetu unakatika vipande vinne.

MASIKA, katikati ya Machi hadi Mei. Aprili ndiyo baba lao, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Upepo wa kaskazi unakuwa umechoka na kusi inaanza kushika usukani. Huu si wakati wa nyanya. Ni wakati wa matembele, kisamvu na magimbi, vitu visivyoogopa maji. Chukua marando ya matembele kwa jirani, chomeka, sahau. Ndani ya mwezi na nusu unachuma. Matuta yainue kama sentimita 20 au 30 na uchimbe mfereji wa kutoa maji. Usipochimba wewe, maji yatachimba yenyewe, tena kupitia jikoni.

KIPUPWE, Juni hadi Agosti. Msomaji wangu, HAYA NDIYO MACHIPUKO YETU! Kusi inavuma, hewa kavu, usiku kuna ubaridi. Nyanya inapenda usiku wa namna hii. Usiku ukiwa wa moto sana, ule wa digrii 24 na kwenda juu, maua hudondoka bila kushika tunda. Kipupwe ni msimu wa nyanya, chainizi, figiri, sukuma wiki na spinachi. Ukienda kwenye maonyesho ya Nane Nane mwezi wa nane, ukaona bustani za pale zinang'aa mpaka ukahisi wametumia uchawi, jua kwamba nusu ya uchawi wenyewe ni mwezi.

VULI, Oktoba hadi Desemba. Mvua za rasharasha, mara zipo mara hazipo. Vuli ni kama mshikaji mwenye ahadi nyingi. Panda vya haraka na vinavyovumilia: kunde za majani, bamia, maboga, matango na mchicha. Tayarisha matuta mwezi wa tisa ili mvua ya kwanza ikudondokee ukiwa tayari. Usianze kutafuta jembe siku inaponyesha.

KIANGAZI, Januari na Februari. Jua la kuchoma kisogo na kaskazi inayokausha hata mate. Bamia, bilinganya, ngogwe na pilipili zitakuvumilia. Mchicha nao utaota, lakini utakunywa maji kama ngamia. Kama huna maji, pumzisha ardhi, oza samadi yako, kusanya majani makavu. Hiyo pia ni kazi ya bustani.

Na nyinyi wasomaji wetu wa mikoani msije mkapanda kwa kalenda ya Dar halafu mkanilaani! Dodoma wana msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Mbeya, Iringa, Njombe na Songea nao ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na kule Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kweli kweli, kwa hiyo kidogo wanafanana na yule mama wa Kizungu. Arusha na Moshi wana vuli na masika kama sisi, lakini kipupwe chao ni baridi zaidi. Kabichi na karoti zinazokubali Lushoto zitakutia aibu Mbagala. Kanuni ni moja: usipande kwa mwezi wa mtu mwingine.

HESABU YA KURUDI NYUMA

Sasa siri yenyewe. Wengi tunapanga bustani kwa kuuliza, "Leo nipande nini?" Kumbe swali la kwanza ni, "Nataka kula lini?" Ukishajua siku ya kula, unarudi nyuma kwa kuhesabu.

Mimi nilitaka nyanya mwishoni mwa Agosti. Nyanya inachukua kama siku 75 toka kuhamishwa mpaka kuiva, hutegemea mbegu. Rudi nyuma siku 75, unaangukia katikati ya Juni. Miche inakaa kitaluni wiki nne. Rudi nyuma tena, katikati ya Mei. Kwa hiyo siku ya kusia ni katikati ya Mei, wakati mvua za mwisho bado zinanyesha!

Hapo ndipo ujanja unapotakiwa. Kitalu changu hakikuwa chini tena. Nilikata madumu ya mafuta ya kula, nikatoboa matundu chini, nikajaza udongo na samadi iliyooza, nikayaweka chini ya upenu wa bati. Mvua ilinyesha, miche ikaitazama tu kama mtu aliye dirishani. Maji ya kitaluni yakizidi, miche huoza kwenye shina na kulala chini, ugonjwa huo unaitwa kinyausi, na ulinikuta mara ya kwanza. Safari hii nilimwagilia asubuhi tu, tena kidogo. Wiki ya mwisho nikapunguza maji na kuitoa nje juani kidogo kidogo, ili izoee shida. Mche uliodekezwa ni kama mtoto aliyedekezwa, ukitoka nje unalia.

Mchicha una hesabu yake. Toka kusia mpaka kuchuma ni wiki tatu hadi nne. Kosa la wengi ni kusia wote siku moja. Matokeo yake wiki ya nne unakula mchicha asubuhi, mchana na jioni, wiki ya tano huna kitu. Gawa tuta lako vipande vinne. Kila Jumamosi sia kipande kimoja. Wiki ya nne ukichuma cha kwanza, unakisia tena. Hivyo hutakosa mboga.

Na maji je? Chukua makadirio haya: tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita nne linahitaji kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku wakati wa jua. Hesabu matuta yako, hesabu na ndoo zako, kabla hujanunua mbegu. Tusisahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mwenye matuta kumi angepata wapi ndoo kumi? Tandaza majani makavu juu ya tuta kuhifadhi unyevu, na mwagilia asubuhi au jioni, si saa saba mchana.

NILIVYOANZA UPYA

Bwana shamba alikuja kuangalia lile kaburi langu la nyanya. Akakata shina moja lililonyauka, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Tukasubiri. Ukaanza kutoka ute mweupe kama maziwa. "Huo ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Umo ardhini. Dawa ya kupuliza hamna. Hapa usipande nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili wala viazi mviringo, ni ukoo mmoja wote hao. Weka mahindi au kunde."

Nikahamia upande wa pili wa uwanja, palipoinuka. Mtaji? Sikuwa nao na sikuthubutu kuomba. Nilianza na mbegu za mchicha za elfu tatu nilizolipia kwa fedha ya makala moja ya hapa hapa gazetini. Mwishoni mwa Juni nikachuma mafungu ya kwanza. Nikayaweka kwenye meza ya Bi Mkubwa bila kusema kitu. Yakaisha kabla ya saa nne asubuhi. Wateja wakauliza, "Mama, mchicha huu laini umeutoa wapi?" Akajibu, "Upo tu." Lakini niliona mdomo unacheza.

Nyanya safari hii nilipanda miche 32 tu, 16 kila tuta, nafasi nusu mita toka mche hadi mche ili upepo upite. Nilikagua majani kila asubuhi kwa sababu ya kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, anayechimba ndani ya jani na tunda. Jani lenye vijia vyeupe nililing'oa na kulichoma moto. Mbegu niliuliza vizuri dukani. Zipo za kisasa za bei kali, na zipo za wazi kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kwa kazi ya watafiti wa kule Arusha, ambazo unaweza kukamua mbegu mwenyewe ukazipanda tena. Mimi mfuko wangu ulichagua Tanya.

Wiki ya mwisho ya Agosti, nyanya ya kwanza ikawa nyekundu. Nilikwenda kuitazama mara tatu kabla ya kunywa chai. Siku hiyo hiyo nikampelekea yule mzee nyanya mbili. Akazishika, akazinusa, akasema, "Hizi zimetembea nchi kavu."

TAREHE SI MSAHAFU

Nisije nikakudanganya kwamba kalenda niliyokupa inafuatwa na mbingu. Mvua za siku hizi zina mambo yake. Vuli ya mwaka 2023, pamoja na El Niño, ilinyesha kama masika. Aprili 2024 Rufiji ilifurika mpaka nyumba na mashamba yakazama, na mzee wetu alikuwa na ndugu kule. Hata wanaojua mlau wanaweza kuzidiwa na mto. Miaka mingine vuli inapita hujaloa.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. La kwanza, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanautoa kabla ya kila msimu: mvua zitaanza wiki gani, zitakuwa juu ya wastani au chini. Ni bure, na redio zote zinautangaza, sema sisi tukisikia sauti ile tunabadili stesheni tutafute muziki. La pili, usipande kila kitu siku moja. Ukisia nusu leo na nusu baada ya wiki mbili, mvua ikiua nusu utabaki na nusu. La tatu, nunua daftari. Andika siku mvua ya kwanza iliponyesha, siku uliyosia, siku uliyochuma, maji yalituama wapi. Mwaka ujao daftari lile litakuwa na akili kuliko gazeti lolote la bustani, hili langu likiwemo.

Na usiseme huna uwanja. Unakaa chumba kimoja Manzese? Kiroba cha unga chenye udongo na samadi, kikitobolewa ubavuni, kinabeba mchicha au sukuma wiki pembeni ya mlango. Mwombe tu mwenye nyumba kwa adabu, na kiroba kikae pasipozuia mtu kupita, maana bibi wa chumba cha mbele akijikwaa, kasheshe yake siyo ya kilimo tena.

DAFTARI TENA

Mwisho wa Septemba, Jumapili jioni, Bi Mkubwa alikaa na daftari lake la wadeni. Mimi nilikuwa naosha vyombo, najifanya sitazami. Alipiga hesabu ya mchicha, akapiga ya nyanya. Akachukua peni, akafuta lile jina langu kwa mstari mmoja. Halafu akageuza ukurasa, akaanza kuandika kitu kingine.

"Mama, unaandika nini tena?"

"Mwezi wa tano mwakani unasia tarehe ngapi?" akaniuliza. "Nataka nijue fedha ya mbegu niiweke lini."

Nikamwambia katikati ya mwezi, kama utabiri utaruhusu. Akaandika. Kisha akaongeza bila kunitazama, "Na kalenda yako ya Wazungu uko wapi siku hizi? Nataka karatasi za kufungia dagaa."

Nikampa. Yule mama wa Kizungu na kofia yake alikwisha kwa wateja wa Chamazi, ukurasa mmoja mmoja.

Haya, mpenzi msomaji, kazi kwako. Angalia mwezi gani leo, toka nje, tazama upepo unatoka wapi, halafu ndio ushike jembe. Kama ni Aprili na uko Dar, nakusihi, panda matembele! Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.